Somo: Jinsi seli ya neva na seli ya misuli zinavyotengeneza NCAM

Nimeulizwa mara nyingi mno jinsi seli ya neva na seli ya misuli zinavyotoa protini za kushikamana zisizofanana ilhali jeni ni moja. Naandika yote hapa ili nisirudie tena. Mfano wangu ni NCAM, protini ya juu ya seli inayoshikamanisha seli na seli.

Hatua ya 1. Jeni ya NCAM1, iliyomo katika kromosomu ya 11 ya binadamu, hunakiliwa kuwa RNA ndani ya kiini cha seli.

Hatua ya 2. Nakala hukatwa na kuungwa upya, na hapo ndipo njia huachana. Seli ya neva hutoa zaidi maumbo ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 140 na 180, ambayo hupenya utando, ilhali seli changa za misuli, zikishaungana kuwa nyuzi, huongeza kipande chao maalumu na kutoa umbo lililonaswa juu ya utando kwa nanga ya mafuta.

Hatua ya 3. Ribosomu, mitambo ya seli ya kutengeneza protini, huisuka protini na kuiingiza katika retikulamu ya endoplazimu, yaani mtandao wa utando ndani ya seli.

Hatua ya 4. Katika Golgi, sehemu ya seli inayokamilisha protini, protini huvishwa minyororo mirefu ya asidi ya polisialiki (aina ya sukari), na hapa niliwahi kupotea. Sampuli ya ubongo wa kiinitete ilinionyesha kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa ukungu mpana badala ya mistari. Nikadhani imeoza, nikaitupa. Ilikuwa nzima kabisa! Urefu wa minyororo hutofautiana, na ndiyo sababu ya ukungu ule. Usitupe kitu kabla ya kuikata minyororo kwa endosialidesi, kimeng'enya cha kuikata; mistari itajitokeza. Tahadhari nyingine: chaji hasi za minyororo hiyo husukumana, kwa hiyo NCAM nyingi haimaanishi mshikamano mkubwa.

Hatua ya 5. Vifuko huifikisha kwenye utando.

Maswali ya wanachama

— Kwa hiyo jeni ni tatu?
— Ni moja. Nimeandika hivyo tangu mwanzo. Tafadhali soma kabla ya kuuliza.

— Mwalimu, neva ikikatwa, msuli hufanya nini?
— Swali zuri sana, ndugu yangu. Katika msuli uliokomaa NCAM hubaki hasa pale neva inapokutana na uzi wa msuli; neva ikikatwa, uzi huanza kuitengeneza upya na kuieneza juu yake wote, na neva ikirejea, hupungua tena.

— Nami niongeze: wanaotenganisha seli kwa tripsini (kimeng'enya kinachokata protini) wakumbuke kwamba kadherini, protini nyingine za kushikamanisha seli, tofauti na NCAM, hutegemea kalsiamu, na kalsiamu ikiwepo tripsini haizikati.
— Ahsante, ni kweli. Anayetaka kadherini zibaki nzima asiiondoe kalsiamu katika hatua hiyo.