Mtu akikwambia "niko njiani"

Mtu wa Dar akikwambia "niko njiani", usiharakishe kuagiza chakula. Njia yenyewe huanzia kitandani. Wala hana nia mbaya: anajua ukweli utakuudhi, basi anakutuliza kwa maneno huku akitafuta soksi ya pili.

Kumuuliza "umefika wapi?" hakusaidii. Atataja Ubungo, kwa kuwa foleni ya Ubungo haina mbishi. Wewe mwagize kitu: "Ukipita hapo Mwenge nichukulie machungwa ya buku." Aliye kwenye daladala kweli atalalamika, kashapata siti, hashuki ng'o. Aliye nyumbani atakubali upesi mno, "poa, usijali." Tega sikio pia kwa kinachosikika nyuma yake. Kama hakuna konda anayeita abiria wala honi ya bodaboda, ila maji yanamiminika kwenye ndoo, hesabu saa nzima na nusu, na hapo hajapiga pasi.

Harusini usijisumbue na mbinu hizi. Kadi ikiandikwa saa 12 jioni, saa hiyo bibi harusi mwenyewe bado yuko saluni.