Kutafuta Nasaba kwa Kadi ya Maktaba ya Jimbo la Virginia

Maktaba ya Jimbo la Virginia, iliyoanzishwa mwaka 1823 na ambayo iko mjini Richmond, Marekani, ndiyo pia hifadhi ya nyaraka za serikali ya jimbo hilo. Mwongozo huu unafuata utaratibu ninaoutumia ninapowasaidia watu kutafuta mababu zao, hasa Wamarekani Weusi ambao koo zao zilipitia utumwa.

Hatua ya kwanza ni kuijua kaunti na mwaka kabla ya kuhangaika na jina. Kumbukumbu nyingi za zamani za Virginia ziliandikwa na makarani wa mahakama za kaunti, kwa hiyo jina lisilo na kaunti litakuletea umati wa watu msiohusiana. Chunguza pia kama daftari za kaunti hiyo zilinusurika, kwani kaunti kadhaa zilizipeleka zao Richmond ili zisalimike wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na Aprili 1865 zikateketea huko huko. Kwa kaunti za namna hiyo, tegemea orodha za kodi ya ardhi na ya mali binafsi, zinazoanzia 1782, kwa sababu nakala zake zilitumwa kwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo.

Hatua ya pili ni kadi yenyewe. Mkazi wa Virginia huipata bila malipo kwa kuonyesha kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Kwa kadi hiyo ataweza kufungua baadhi ya hifadhidata za kulipia akiwa nyumbani; nyingine hufunguka ndani ya jengo tu.

Asiye mkazi ana hatua ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye utajiri zaidi, nayo haihitaji kadi. Tovuti ya Virginia Chronicle ina magazeti ya zamani, likiwemo Richmond Planet, gazeti la Weusi lililoanzishwa mwaka 1882. Virginia Untold imekusanya nyaraka za watu waliokuwa watumwa na za Weusi waliokuwa huru. Kisha iko faharasa ya mashauri ya chansari, yaani kesi ambazo jaji aliziamua kwa misingi ya haki, nyingi zikiwa ugomvi wa mirathi, madeni na talaka. Usizipuuze kwa kuwa zinaonekana kama karatasi kavu za mawakili: ndugu wanapogombania shamba, kila mmoja hulazimika kueleza amezaliwa na nani, na pale mali ilipojumuisha watumwa, majina yao huorodheshwa, mara nyingine mama pamoja na watoto wake. Tafuta kwa jina la ukoo la mdai, la mdaiwa na la mmiliki wa watumwa pia.

Hatua ya nne ni vizazi na vifo. Sheria ilitaka viandikishwe kuanzia 1853 hadi 1896, kisha uandikishaji wa jimbo ukasimama mpaka Juni 1912. Anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1905 ajaribu Biblia za familia, ambamo vizazi na vifo viliandikwa kwa mkono, makanisa na sensa. Ndoa ziliendelea kuandikishwa muda wote huo. Taarifa za kuzaliwa huwa wazi kwa umma baada ya miaka 100, na za vifo baada ya 25. Safu ya rangi ya mtu isomwe kwa tahadhari, kwani Walter Plecker, msajili wa jimbo kuanzia 1912 hadi 1946, alishinikiza Wenyeji wa asili waandikwe kuwa Weusi.

Kwa familia zilizotoka utumwani, anza na sensa ya 1870, ya kwanza kuwataja wote kwa majina, maana orodha za watumwa za 1850 na 1860 kwa kawaida huonyesha umri, jinsia na rangi tu chini ya jina la mmiliki. Kama kaunti yako imebahatika kubakiwa na rejista ya wanandoa ya 1866, yaani orodha ya wanandoa waliotoka utumwani, humo utakuta mume, mke, watoto na mmiliki wa mwisho wa kila mwenza. Jina la mmiliki huyo ndilo utakalorudi nalo kwenye chansari.

Kilichobaki kipo kwenye mikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo za nyaraka zinazosomwa kwa mashine, ambazo nyingi huweza kuazimwa kupitia maktaba ya mtaani kwako nchini Marekani. Ukimwandikia mkutubi, uliza swali moja, ukitaja kaunti, miaka na vyanzo ulivyokwisha kuvipitia, na kila ukipiga nakala, andika namba ya filamu na ukurasa kabla hujaiondoa mashineni.