Viroba vya mbele ya geti: usijaze mchanga mtupu
Kwa sisi tunaoishi Goba, jijini Dar es Salaam, ambako mvua za masika hukata njia za mtaani hadi kwenye geti, viroba vya mchanga mtupu havidumu, kwa kuwa jua huichakaza sandarusi (plastiki iliyofumwa ya kiroba), ikachanika na mchanga ukamwagika. Changanya ndoo moja ya saruji na ndoo nane za mchanga mkavu, jaza kiroba robo tatu tu ili kilale bapa, vipange kwa kupishana kama matofali, vishindilie, kisha vimwagilie maji kila jioni kwa wiki moja. Kiroba kikichanika baadaye, ndani pameshakuwa jiwe lenye alama za nyuzi zake. Njia hii hushindwa maji yanapochimba chini ya safu ya kwanza, hivyo ifukie safu hiyo walau nusu yake.