Namna ya kuitambua injini ya zamani isiyo na alama

Mtu anayenunua gari kuukuu Dodoma, hasa pikapu au Land Rover iliyopita mikononi mwa wamiliki wengi, hana budi kutarajia kwamba injini iliyomo huenda si ile iliyotoka nayo kiwandani. Kuagiza gasketi au pistoni kutoka Gerezani, Dar es Salaam, kwa kutaja jina la gari peke yake ni kubahatisha, na takriban kilomita 450 ni umbali mkubwa mno wa kurudisha kifaa kisichoingia.

Kanuni ya kwanza ni kutoamini chochote kinachofunguka kwa spana. Kava ya tapeti yenye maandishi, kabureta, manifoldi na hata rangi ya injini vinaweza kuwa vimetolewa kwenye injini nyingine kabisa. Ushahidi wa kutegemewa umo katika bloku.

Osha bloku kwa mafuta ya taa na brashi ya waya hadi ule mchanganyiko mgumu wa oili na vumbi letu jekundu uondoke wote. Usitumie grenda wala msasa mkali, kwani nambari iliyogongwa kwa kina kidogo hufutika mara moja. Alama utakazoziona ni za aina mbili, na wengi huzichanganya. Zile zilizoinuka zilitoka na kalibu wakati chuma kikimiminwa, nazo hutaja aina ya bloku, ambayo pengine ilitumika kwa injini kadhaa. Zile zilizogongwa kuingia ndani, kwa kawaida juu ya sehemu bapa iliyo karibu na maungio ya silinda hedi au ya giaboksi, ni za injini hiyo moja. Linganisha nambari iliyogongwa na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Zikitofautiana, huenda injini ilibadilishwa bila Mamlaka ya Mapato (TRA) kuarifiwa, na muuzaji anapaswa kulimaliza jambo hilo kabla hujalipa. Iwapo sehemu bapa imesagwa makusudi, mimi nisingeendelea na ununuzi hata bei ingekuwa nzuri namna gani.

Bloku isiposema kitu, tazama maumbile. Hesabu silinda, angalia kama ni ya petroli, yenye plagi na distribyuta, au ya dizeli, yenye pampu na nozeli, kisha chunguza kama kamshafti imo ndani ya bloku na kusukuma valvu kwa fito ndefu, au iko juu kwenye silinda hedi na kuendeshwa kwa mkanda au cheni. Injini iliyolala upande kwa nyuzi 45 ndani ya Peugeot 404 au 504 yaelekea kuwa ndiyo yake. Bolti nazo husaidia kidogo: vichwa vya milimita 12 na 14 ni vya kawaida kwa Mjapani, 13 kwa magari ya bara la Ulaya, na vipimo vya inchi kwa Mwingereza wa zamani, ingawa bolti hubadilishwa ovyo na hazitoshi kuwa ushahidi.

Kinachomaliza ubishi ni vipimo viwili: kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni. Njia ya kuaminika ni kufungua silinda hedi. Waya unaopitishwa kwenye tundu la plagi huingia mara nyingi kwa mshazari na kutoa kipimo cha uongo, na katika dizeli nyingi za zamani tundu la nozeli huishia kwenye chumba kidogo cha mwako, kwa hiyo waya hauifikii pistoni kabisa. Hedi ikishatoka, kwangua masizi na upime kipenyo kwa venia kalipa kwenye ukingo wa juu kabisa wa silinda, mahali ambapo ringi hazifiki na chuma hakijalika. Kisha zungusha krenkshafti hadi pistoni ifike juu kabisa, pima kina chake kutoka uso wa bloku, ishushe hadi chini kabisa, pima tena, na utoe kipimo kidogo kwenye kikubwa upate mwendo.

Chukua kipenyo kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha kwa mwendo, kwa 0.7854 na kwa idadi ya silinda, upate ukubwa wa injini kwa sisi (cc), yaani sentimita za ujazo. Toyota yenye kipenyo cha 7.5 na mwendo wa 7.3 itakupa sisi 1290, nayo ni injini ya aina ya 4K. Ndugu yake 5K ina mwendo huo huo lakini kipenyo ni 8.05, yaani sisi 1486. Vivyo hivyo dizeli za Hiace na Hilux: 3L na 5L zote zina mwendo wa milimita 96, ila kipenyo ni 96 kwa ya kwanza na 99.5 kwa ya pili, ilhali 2L ina kipenyo cha 92 na mwendo wa 92. Kwa Land Rover mambo hugeuka. Injini ya sisi 2286, iwe ya petroli au ya dizeli, na ile ya sisi 2495 zina kipenyo kimoja cha milimita 90.47, na kinachozitofautisha ni mwendo, 88.9 dhidi ya 97. Anayepima kipenyo tu atadanganyika hapo.

Usishtuke kipenyo kikizidi kidogo, kwani silinda iliyowahi kuchongwa huongezeka kwa hatua kama milimita 0.25, 0.50 au 1.00. Tazama juu ya pistoni. Mara nyingi hatua hiyo imeandikwa hapo, au STD kama haijawahi kuchongwa. Ongezeko hilo halitoshi kuifanya 4K ionekane 5K, lakini lazima umtajie muuza spea, kwa sababu pistoni na ringi huagizwa kwa hatua yake.

Unapoagiza, tuma vipimo vyote pamoja na gasketi kuukuu ya silinda hedi. Muuzaji aipange juu ya mpya, tundu kwa tundu, na asiridhike kwamba matundu ya bolti tu yamelingana, maana gasketi yenye duara dogo kuliko silinda yako itachomoza ndani na kuungua.