Kabla hujaishusha boti ya jeti mtoni

Mtu aliyekulia Kigoma hafundishwi boti. Maneno hayo nilimwambia shemeji yangu siku tulipokabidhiwa funguo, na mpaka leo kila akipita mbele ya boti yetu hugusa pale palipobonyea, kisha ananitazama tu bila kusema kitu.

Siku hiyo ya kwanza tulikuwa Lucky Peak, bwawa lililo nje kidogo ya Boise, hapa Idaho tunakoishi. Hakuna upepo, maji yametulia kama ya kisimani. Nilikuwa narudi gatini polepole. Tulipokaribia nikafanya nilichofundishwa na wajomba tangu nikiwa darasa la tano: nikapunguza moto mpaka mwisho, nikakata usukani kushoto. Boti haikukata. Iliendelea vilevile ilivyokuwa ikienda, kwa upole kabisa, hadi kwenye kona ya gati. Kishindo chake kiliwageuza watu wote waliokuwa kwenye mteremko wa kushushia boti.

Tangu hapo ndugu kadhaa wa Boise na Twin Falls, wengi wao watu wa Uvira na Baraka waliozaliwa ziwa likiwa mbele ya mlango, wananiuliza habari za boti hizi. Za mkono wa pili zinapatikana, na mito ya huku inavutia. Ninayowajibu ni haya, na karibu yote ni mambo ya kumaliza kabla.

La kwanza ni kuelewa unachonunua, maana kwa macho ni boti kama boti nyingine. Chini ya maji haina propela, haina na bamba la usukani. Ndani yake mna pampu. Inavuta maji kupitia tundu lililo chini ya tumbo la boti, impela, yaani gurudumu la mapanga lililo ndani ya pampu, inayasukuma, yanatoka kwa nyuma kwenye mdomo mwembamba kwa nguvu ya kuisogeza boti ya tani nzima na zaidi. Ukizungusha usukani unaugeuza mdomo ule, basi. Maji yakitoka kwa nguvu, boti inakutii. Ukiachia moto, maji yanalegea, na usukani uliobaki mkononi ni pambo. Kwenye mashua zetu za Ziwa Tanganyika, ukiogopa unapunguza moto. Hapa ukiogopa ukapunguza moto, umejinyang'anya usukani wakati unauhitaji kuliko wakati wowote.

Aliyezifanya boti hizi zifae mitoni ni Bill Hamilton wa New Zealand, miaka ya 1950. Mito ya kwao ni mipana, ina kina kifupi na imejaa kokoto, propela isingemaliza asubuhi moja. Mwaka 1960 boti zake zilipanda mto Colorado ndani ya Grand Canyon kinyume cha mkondo. Ndiyo maana Idaho wakazipenda: mji wa Lewiston, mito ya Snake na Clearwater inapokutana, una mafundi wanaoziunda kwa aluminiamu kila siku.

Kwa hiyo kabla ya mto, nenda kwenye maji yaliyotulia, mapana, siku ya kazi ambapo hakuna watu. Chukua dumu tupu, lifunge kamba na jiwe, litupe katikati. Halafu lifuate kama vile ni gati. Likaribie, simama kando yake, ondoka, rudi kwa upande mwingine. Sisi tulilifuata dumu letu Jumatano mbili nzima, na mara ya kwanza tulilikanyaga mara nne. Utagundua kwamba boti hii haina gia ya "huru" kama ya gari. Injini ikiwaka, maji yanatoka, na boti inatambaa. Nyuma kuna kibakuli cha chuma kinachoshuka mbele ya mdomo na kuyageuza maji yarudi mbele. Ukikishusha nusunusu, maji yanagawanyika, nayo boti inatulia kidogo. Hiyo nusunusu ndiyo sanaa yenyewe, nayo haiandikiki, inakaa mkononi. Ninachoweza kuandika ni kwamba unapoingia gatini, kibakuli kishushwe mapema na moto uongezwe kidogo. Ndiyo, uongezwe. Mwili wote utakataa.

Kama hujanunua bado, nenda na tochi. Lala chali chini ya trela, umulike juu kupitia chujio la chuma lililoziba tundu la kuvutia maji. Utaona ncha za impela na ukuta wa duara unaoizunguka. Nafasi kati yake inatakiwa iwe nyembamba sana. Mchanga unaila taratibu, na ikishapanuka pampu inavuja nguvu ndani kwa ndani: injini inalia sana, boti inakwenda kidogo. Aliyetuuzia alisema imetumika ziwani tu. Ncha za impela zilikuwa za mviringo kama sabuni ya juzi. Hatukuwa na tochi siku ile, tulikuwa na furaha.

Nyumbani, kabla hujafunga trela kwenye gari, mambo ni mengi lakini mafupi. Kizibo cha nyuma, cha tundu la kutolea maji, kiwe mahali pake, si mfukoni mwa mtu. Kizima moto kiwe cha kuzimia moto wa mafuta na kisiwe kimepitwa na wakati. Kama injini ni ya petroli na imo ndani ya boti, washa feni ya kutoa hewa na uiache dakika nne hivi kabla ya kuwasha injini, kila mara na hasa baada ya kujaza mafuta, maana mvuke wa petroli ni mzito na hutuama chini ukisubiri cheche. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mwilini mwa dereva. Kwa boti nyingi za chini ya futi 26 ni sheria ya Marekani tangu Aprili 2021, na ni akili hata pasipo sheria.

Halafu kuna konokono. Septemba 2023 mabuu ya kome waitwao quagga yalikutwa katika mto Snake pale Twin Falls, na jimbo likatia dawa ya shaba mtoni kuwaua. Kome hawa wakishamea wanaziba mabomba ya umwagiliaji na mitambo ya umeme, kwa hiyo wakaguzi wa barabarani hawana utani. Pampu ya jeti inabaki na maji ndani hata boti ikionekana kavu. Inamisha trela, toa vizibo, acha ikauke, ununue na stika ya jimbo. Ukipita kituo cha ukaguzi na boti, simama, hata kama umechelewa harusi. (Nimeandika konokono kwa sababu ndivyo shemeji anavyowaita. Nimeshindwa kumbadilisha.)

Sasa majani. Hili nilikaribia kuliacha kwa aibu.

Safari yetu ya pili ilikuwa Snake, tulishusha boti Celebration Park, chini ya bwawa la Swan Falls. Mto pale ni mtulivu, na kiangazi majani yanamea majini hadi juu. Tulikwenda kama maili mbili, kisha mlio ukabadilika. Injini ikapanda sauti, mshale wa mizunguko ukaruka, na boti ikashuka ikakaa kwenye maji kama bata. Shemeji akasema ongeza. Nikaongeza. Ikalia zaidi, haikwenda. Dakika moja baadaye mshale wa joto nao ukaanza kupanda, kwa sababu boti nyingi za aina hii zinapoza injini kwa maji yaleyale ya pampu. Tundu likiziba unapoteza mwendo, usukani na maji ya kupozea kwa mpigo mmoja.

Tulizima. Ukimya wa mto ule sijausahau: maji yanapiga tumbo la aluminiamu kwa vikofi vidogo, nasi tunasogea taratibu kuelekea kwenye mawe. Nanga ilikuwa ndani ya sanduku, chini ya friji ya chakula, kamba yake imejifunga fundo. Nilipofanikiwa kuitupa tulikuwa tumebakiza mita kumi. Tukafungua kifuniko cha juu ya pampu, nikaingiza mkono hadi begani, nikaanza kutoa majani marefu ya kijani, yamesokotwa kama ukili, na katikati yake kipande cha kamba ya nailoni ya mvuvi fulani.

Kwa hiyo: nanga ikae mbele, juu, kamba imekunjwa vizuri, na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo kwa jina. Ifungwe mbele ya boti na si nyuma kamwe, kwa maana ukiifunga nyuma mkondo unaivuta nyuma ya boti chini na maji yanaingia. Makasia mawili yawepo. Kisu chenye meno na glavu nene viwe karibu na kifuniko cha pampu. Zijue dalili kwa masikio: mlio ukipanda na mwendo ukishuka, usiongeze moto, punguza, shusha kibakuli kidogo uone kama takataka itatoka. Isipotoka, nanga kwanza, halafu zima, toa ufunguo uuweke mfukoni, ndipo uingize mkono. Na kamba yoyote isiachwe ikining'inia nje, hata ya boya la mtoto. Pampu inavuta kila kinachopita.

Maji ya kina kifupi ndiyo yaliyotufanya tuipende boti hii, na ndiyo yanayodanganya zaidi. Ikishika kasi na kuinuka juu, inapita kwenye inchi chache za maji. Ikipunguza, inaketi, na sasa inataka futi moja au zaidi. Kwa maana hiyo sehemu ya kina kifupi uliyopita vizuri kwa kasi itakukamata ukisimama juu yake kupiga picha. Kabla hujaingia kwenye maporomoko madogo au kokoto, simama chini yake penye kina, utazame. Mkondo mzuri unachora V inayoelekeza ncha yake chini, maji yanakotelemka. Ncha ikielekea juu, maji yanakotoka, pale ncha ilipo pana jiwe. Maji yanayong'aa kama kioo katikati ya maji yenye viwimbi mara nyingi yamefunika kitu. Chagua njia, mwambie kila mtu ashike, kisha pita bila kusita. Anayesita katikati anaketi juu ya mawe, na akiongeza moto akiwa ameketi anayameza. Uwe na winchi ya mkono na mnyororo. Kuisukuma tani moja ya aluminiamu kwa mabega nimejaribu.

Angalia kiwango cha maji siku unayokwenda, si cha wiki iliyopita. Vipimo vya USGS, idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani, vinaonyesha futi za ujazo kwa sekunde, bure, kwenye simu. Andika namba ya kila safari kwenye daftari; baada ya safari tano namba itaanza kuongea nawe. Huko Hells Canyon, bonde la mto Snake lenye kina cha mita 2,400 hivi, maji yanategemea bwawa la juu linavyofungulia, yanapanda na kushuka ndani ya siku moja. Mtu wa Pwani ataelewa haraka: ukiiacha boti mchangani jioni maji yamejaa, asubuhi utaikuta imekwama kama ngalawa wakati wa kupwa. Mahali penyewe usipafanye darasa la kwanza. Sisi tumepanda mara moja, nyuma ya mzee mmoja wa Lewiston aliyezaliwa na mto ule, na hatukumwacha apotee machoni.

Mafuta: injini hizi zinakunywa. Gawa tangi mafungu matatu, moja la kwenda, moja la kurudi, moja usiliguse. Na anza safari kwa kupanda mto. Injini ikifa, mkondo unakurudisha upande wa gari lako.

Kuhusu watu nitasema machache ila ni mazito. Sisi tulijifunzia kuogelea kwenye maji ya Tanganyika, ya uvuguvugu mwaka mzima. Mito ya Snake na Salmon mwezi wa tano inabeba theluji iliyoyeyuka. Waokoaji wa huku wanafundisha moja, kumi, moja: dakika moja ya kutuliza pumzi usije ukameza maji, dakika kumi ambazo mikono bado inakutii, na kama saa moja kabla hujapoteza fahamu. Muogeleaji hodari wa Kigoma hana nafasi katika hesabu hiyo bila jaketi la kuokolea. Kwetu jaketi huvaliwa kwenye trela, kabla mguu haujagusa boti, wakubwa na wadogo, na mama mkwe pia, ambaye alilalamika kuwa linaharibu kitenge. Nguo kavu ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ndani ya mabonde simu haishiki mtandao, kwa hiyo tunacho kifaa kidogo cha satelaiti, na mke wangu anabaki na karatasi yenye jina la mahali tulikoshushia boti na saa ya kurudi.

Jioni, boti ikiwa kwenye trela na maji yanadondoka, mmoja wetu analala chali tena na tochi. Mara ya mwisho ilikuwa zamu yangu. Kati ya vyuma viwili vya chujio palikuwa na jiwe jeusi, ukubwa wa yai la kwale, limebana kiasi cha kuhitaji bisibisi. Shemeji akalipokea, akalipangusa, akalipanga kwenye dashibodi karibu na mengine sita.