Bilauri ya maji mbele ya kanga ya mama

Nachora kwa rangi za maji, lakini bilauri niliikimbia muda mrefu. Kitu hakina rangi, utapaka nini? Mpaka siku nilipoiweka mezani imejaa maji, nyuma yake kanga ya mama imetundikwa kwenye kiti. Katika jina la kanga lilikuwamo neno MAMA. Ndani ya maji likasomeka AMAM. Nikanywa hadi maji yakashuka chini ya maandishi, likarudi MAMA. Ikabidi nijaze upya, maana nilikuwa nimekunywa kielelezo changu.

Tafuta bilauri iliyonyooka, isiyo na nakshi. Kanga ikae nyuma yake kama shubiri moja. Ukiisogeza ikagusana na bilauri, maandishi hayageuki. Dirisha liwe ubavuni. Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kwani nyembamba hufura na rangi ikatuama mabondeni.

Mdomo wa bilauri ni duaradufu, na ncha zake zisichongoke kama mtumbwi. Ukitazama kwa juu kidogo, duara la maji huwa nene kuliko la mdomo, la kitako nene zaidi. Hapo ndipo wengi tunaharibu. Kisha chora maandishi yaliyogeuka vilevile yalivyo. Mkono utataka kuyasahihisha, ukatalie.

Nyeupe haipakwi, ni karatasi yenyewe. Pale dirisha linapong'aa kwenye ukingo nasugua kipande cha mshumaa mweupe, rangi isishike. Nta haitoki tena, kwa hiyo angalia mara mbili.

Sasa paka wekundu mwepesi wa kanga, upite nyuma na ndani ya bilauri bila kusimama ukingoni. Usubiri ukauke. Wakati wa masika hapa Tanga unaweza kubandika wali, ukarudi bado pabichi. Maandishi yafuate, halafu changanya bluu ya altramarini na kahawia ya siena upate kijivu, uguse kingo pale tu kioo kinapokolea. Nyeusi ya kopo niliwahi kuitumia, bilauri ikawa kama imetoka jikoni kwenye masizi. Upande mmoja uache ukingo upotee.

Kivuli huja mwisho, na usikijaze chote. Maji hukusanya mwanga, kwa hiyo katikati ya kivuli kuna mkanda unaong'aa, mara nyingine kuliko meza yenyewe. Meza yangu ni ya mninga. Mkanda huo naupa kahawia hafifu, karibu maji matupu.