Mota ya drili kwa roboti ya mashindano: izuie isikufie uwanjani

Vijana wa Malindi mnaounda roboti, hizi drili za betri za mitumba mnazozifungua si mbaya hata kidogo, mota yenyewe mara nyingi ni nzima, kinachowaangusha ni vile vitu vya pembeni, maanake drili iliundwa itoboe, izunguke upande mmoja zaidi na nyuma yake kuna mkono wa mtu, sasa nyinyi mnaifunga gurudumu na kuitaka mbele nyuma mbele nyuma kwa kasi.

Nunueni mbili za aina moja, na ya tatu ya spea kama mfuko unaruhusu.

Taya za kushika biti zitoe hivi: zifungue mpaka mwisho, ndani kuna skrubu, na ile ina nyuzi za kushoto, yaani ili ilegee unaizungusha kama unakaza (wengi huivunja kichwa hapo hapo). Halafu bana alenki kubwa (ile spana ya pembe sita iliyopinda) kwenye taya na uigonge nyundo kwa ghafla upande wa kufungulia wa kawaida, itaachia.

Sasa giaboksi, na hapa msiwe na haraka. Ile ringi yenye namba ni ya klachi, kifaa kinachoachia gia mzigo ukizidi, ukiiacha kwa namba ndogo roboti ikisukumana na mwenzake utasikia tr-r-r-r na magurudumu hayaendi. Izungushe mpaka kwenye picha ya biti kisha ifunge kabisa isitembee kwa mtikisiko, kwa skrubu au hata waya. Lakini ukishaifunga kishindo chote kinabebwa na meno ya gia, kwa hivyo chagua tairi litakaloteleza kabla mota haijakwama. Kitu kingine ni pini ndogo karibu na shafti, zile zinazofanya shafti isizunguke ukiishika kwa mkono. Kwa fundi ni raha, kwa roboti ni balaa, roboti ikienda kwa msukumo wake gurudumu ndilo linalozungusha gia, pini zinabana, unaona inarukaruka. Zitoe, weka grisi, rudisha giaboksi bila pini hizo.

Gurudumu usilitundike kwenye shafti ya drili peke yake jamani. Shafti ile haikuundwa kubeba uzito wa ubavuni, weka beringi upande wa pili, ama tumia cheni.

Kuna hii pia, roboti inapinda upande mmoja na mnalaumu programu. Mota nyingi za drili brashi zake (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimesogezwa kidogo ili mota iende vizuri mbele, ikirudi nyuma inavuta umeme zaidi, na kwa vile mota ya kushoto na ya kulia zimetazamana, moja daima inarudi nyuma. Pima ampea bila mzigo pande zote mbili, kama mfuniko wa nyuma unazunguka usogeze pole pole hadi zilingane, kama haugeuki basi rekebisha kwa kontrola, yaani kifaa kinachoongoza umeme wa mota.

Umeme ni kifupi: mota ya volti 18 ikikwama inaweza kuvuta zaidi ya ampea 100, kwa hivyo waya nene, fyuzi, na kontrola inayoongeza umeme taratibu. Lehemu kapasita ya seramiki ya 0.1 mikrofaradi kati ya miguu miwili ya mota inayopokea umeme, cheche za brashi zisivuruge rimoti.

Na huku kwetu pwani chumvi haina huruma, haswa kusi likivuma. Mota ina matundu ya feni, usiiache barazani, itie kwenye kopo lenye mfuniko, na mchanga upulize kabla ya kuwasha.

Kuhusu gia, anza na ya chini. Drili ikiwa na zunguko 400 kwa dakika na gurudumu la kipenyo cha sentimita 10 unapata kama mita 2 kwa sekunde, kwa uwanja mdogo inatosha kabisa. Ya juu inavutia macho tu, mzigo unailemea mota inaenda polepole, na hapo feni ya ndani haipozi kitu. Iendeshe kwa muda wa mechi nzima ikisukuma kitu kizito, kisha guza mwili wa mota, ukishindwa kuishika kwa joto weka gurudumu dogo zaidi ujaribu tena.